Swali la Arobaini na Moja

Ghorofa ya pili, Nkuhungu, jengo linanuka rangi mbichi.
Tulikuwa kumi na saba, kazi moja ya kutunza ghala,
kila mtu na penseli ya ofisi, imechongwa kali kama sindano.
Kijana Chihoma akagawa karatasi. Akasema:
Hakuna jibu sahihi, hakuna kosa. Jibuni haraka, msifikiri sana.
Hapo hapo nikajua jibu sahihi lipo.

Miaka tisa nimepima mahindi Kibaigwa.
Naujua uso wa mtu anayesema mizani haina neno.

Swali la kwanza: Unapenda kuwa katikati ya watu?
Watu gani? Hawakusema.
Katikati ya wanawake wa Mvumi wakipura uwele, hata mpaka giza.
Katikati ya mashemeji wanaogawana mbuzi wa marehemu, hapana,
utanikuta nje nachochea moto usiohitaji kuchochewa.
Nikaweka alama kwenye Kiasi.

Swali la tisa: Hukasirika upesi?
Dalali mmoja aliniletea lumbesa,
gunia limeshonewa kichwa juu ya kichwa, linahema,
akasema, hilo moja, mama, andika moja.
Niliandika moja na nusu.
Sauti sikupaza, ila kalamu ilitoboa daftari
hadi ukurasa wa tatu.
Sasa hiyo niiite upesi, au niiite nini?

Pembeni yangu bwana mwenye tai anajaza mbio:
Sana, Sana, Sana.
Anajishindilia mwenyewe, kiongozi, mchangamfu,
mtu asiyelala kazi ikiwa haijaisha.
Nilitamani kumnong'oneza, ndugu yangu,
lumbesa haijawahi kumnufaisha anayeuza.
Watakununua umefura hivyo hivyo
kwa bei ya gunia moja.

Halafu arobaini na moja.
Umewahi kuchukua kitu kisicho chako?
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi.

Upepo ukagonga dirisha, vumbi likaingia hadi mezani,
na mimi nikawa Hombolo, nina miaka kumi na miwili,
kwenye shamba la zabibu la Ndahani,
vishada viwili ndani ya kanga ya mama.
Nilimpa Nyemo kishada kikubwa, kwa kuwa ni mdogo.
Ndiye midomo yake ilikutwa na rangi.
Ndiye aliyechapwa, mbele ya ng'ombe na mbele ya wageni,
na hakunitaja.
Nami sikujitaja.

Mara chache, nikaandika. Kwa hesabu ni kweli.

Wiki iliyofuata Chihoma akanipa matokeo, kurasa mbili, zina muhuri.
Mtulivu. Makini. Hupendelea kazi ya peke yake.
Uaminifu: wa juu sana.
Akainama kidogo, kama anayetoa siri ya nyumbani:
Wenzako wote walijibu Kamwe, mama.
Swali lile tumelitega kwa ajili ya waongo.
Nikamshukuru. Nikaikunja karatasi mara nne.
Mtego wao ulikuwa mzuri, ila ulipima wizi;
hapakuwa na swali la nani alichapwa.

Jumapili Nyemo akapiga simu kama kawaida yake.
Mbukwenyi, dada. Mbukwenyi.
Tukaongea bei ya alizeti, tukaongea jino la mwanawe,
kisha nikasikia mdomo wangu unasema,
Nyemo, zile zabibu.
Kimya. Kuku wake wanasikika nyuma.
Zabibu za Ndahani? Eh, dada, mimi siku ile nilikuwa nangoja tu
uende kwa baba ukaseme.
Ulipoanza kufagia nikajua huendi.

Kufagia?

Ulifagia ua mara tatu, na jua limeshazama.
Wewe ukikosa huwa unafagia. Hata mama alijua.
Hata mume wako, Mungu amrehemu, aliwahi kuniuliza
mbona dada yako siku nyingine anaufagia ua ukiwa safi.

Sikujibu.
Simu nilikuwa nimeibana kwa bega,
na mkono wa kulia ulikuwa na ufagio.